Setilaiti ya Hali ya Hewa MTG-I1: Safari Niliyoifuata kutoka Mbagala

Jumatatu, 12 Desemba 2022

Roketi ya Ariane 5 imetolewa kwenye jengo ilimounganishwa na kusukumwa polepole juu ya reli hadi kwenye jukwaa la kurushia, huko Kourou, Guiana ya Ufaransa, pwani ya kaskazini ya Amerika ya Kusini. Ncha yake imebeba setilaiti tatu. Mbili ni za mawasiliano, Galaxy 35 na Galaxy 36, mali ya kampuni ya Intelsat, na ya tatu ndiyo iliyonifanya nianze kuandika kumbukumbu hizi: MTG-I1, setilaiti ya kwanza ya kizazi cha tatu cha Meteosat, yaani setilaiti za Ulaya za kuangalia hali ya hewa. Imebuniwa chini ya usimamizi wa Shirika la Anga za Juu la Ulaya, kwa ajili ya EUMETSAT, taasisi yenye makao yake Darmstadt, Ujerumani, ambayo huendesha setilaiti za hali ya hewa za Ulaya na kugawa picha zake kwa bara letu pia.

Mimi ni fundi wa madishi hapa Mbagala, Dar es Salaam, na kazi yangu yote inategemea vitu vilivyosimama angani bila kusogea. Mteja hulipa, dishi hufungwa, bolti hukazwa, na kama upepo haukulisukuma litaendelea kutazama palepale kwa miaka. Watu wengi hudhani setilaiti hizo zilipandishwa moja kwa moja hadi zilipo. Hazikupandishwa hivyo, na nimeamua safari hii niifuate hatua kwa hatua kwa kadiri taarifa zitakavyotolewa.

Kourou haikuchaguliwa kwa mandhari yake. Iko takriban nyuzi 5 kaskazini ya ikweta, na mahali palipo karibu na ikweta dunia yenyewe huisaidia roketi kwa mwendo wake wa kuzunguka kuelekea mashariki. Aidha, upande wa mashariki wa Kourou kuna bahari tupu, hivyo vipande vinavyodondoka haviangukii vijiji vya watu.

Jumanne, 13 Desemba

Kutwa nzima nimefanya kazi huku nikitazama saa. Joto ni la Desemba ile tunayoijua, na vuli ya mwaka huu imekuwa ya kusuasua. Mwishoni mwa Oktoba jiji liliingia kwenye mgao wa maji kwa sababu kina cha Mto Ruvu kilikuwa kimeshuka, na tangu hapo kila wingu linalojitokeza upande wa bahari linatazamwa kwa matumaini. Nalitaja jambo hili kwa sababu ndilo linalonifanya nione setilaiti ya hali ya hewa kuwa na maana zaidi kuliko zile za televisheni zinazonilisha.

Saa 5:30 usiku kibanda umiza kilicho jirani na karakana yangu kilikuwa kimejaa hadi mlangoni, maana Argentina na Croatia walikuwa wakicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mimi nilikuwa nje, nimeegemea ukuta, simu mkononi, nikitazama matangazo ya moja kwa moja kutoka Kourou, ambako ilikuwa saa 11:30 jioni. Dishi lililo juu ya paa la kibanda hicho nililifunga mwenyewe, nalo linaangalia setilaiti iliyo kwenye mzingo, yaani njia ya kuizunguka dunia, uleule ambao MTG-I1 inauendea. Waliokuwa ndani wakimshangilia Messi walikuwa wakifaidi matunda ya safari kama ile niliyokuwa nikiitazama, ila hakuna aliyekuwa na haja ya kulifikiria hilo usiku huo.

Injini kuu ya chini, iitwayo Vulcain, huwashwa kwanza, na kompyuta huikagua kwa sekunde chache kabla ya hatua nyingine, kwa kuwa injini inayotumia hidrojeni na oksijeni katika hali ya kimiminika bado inaweza kuzimwa kukiwa na hitilafu. Vile viroketi viwili vya pembeni vyenye fueli yabisi vikishawashwa, hakuna wa kuvizima. Hapo ni kuondoka. Nilihesabu kimoyomoyo, nikaona moshi mweupe ukitapakaa, kisha roketi yenye uzito wa takriban tani 780 ikainuka kwa kasi ambayo sikuitegemea kwa kitu kizito kiasi hicho. Dakika mbili na ushei baadaye viroketi vya pembeni viliachana nayo. Dakika kama ya tatu kifuniko cha ncha kilifunguka na kudondoka, kwa kuwa hewa sasa ilikuwa nyembamba mno kuweza kuidhuru mizigo. Karibu na dakika ya tisa injini kuu ikamaliza kazi yake, ikaachia sehemu ya juu iendelee peke yake.

Njia ya kawaida ya Ariane 5 inapoelekea mzingo wa juu hukatiza Atlantiki, ikapita juu ya Afrika ya kati, kisha Afrika Mashariki. Vituo vya kuisikiliza hupangwa kwenye njia hiyo, kikiwamo cha Malindi, Kenya. Nafurahi kuliandika hili, kwa kuwa wasomaji wengi wa pwani hawajui kwamba Malindi ina historia ya anga za juu iliyoanza zamani: tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimikwa baharini karibu na hapo, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ikapewa jina la Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake.

MTG-I1 ilitengana na roketi takriban dakika 34 baada ya kuondoka. Kwa saa zetu ilikuwa saa sita na dakika nne usiku, tarehe ishageuka. Mpira ulikuwa umekwisha, Argentina imeshinda mabao 3 kwa 0, na watu walikuwa wakitawanyika kutafuta bodaboda.

Jumatano, 14 Desemba

Taarifa za asubuhi zinasema imefika salama, na magazeti mengi ya mtandaoni yameandika kana kwamba safari imeisha. Kwa maoni yangu ndiyo kwanza inaanza, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa ndilo jambo lililo tamu kuliko yote katika habari hii.

Roketi haikuifikisha setilaiti kwenye makao yake. Imeiacha kwenye njia iliyorefuka mno, yenye umbo la yai, ambayo ncha yake ya chini iko kilomita mia chache tu juu ya ardhi na ncha yake ya juu ikifika karibu kilomita 36,000. Mzunguko mmoja wa njia hiyo huchukua saa kumi na kidogo. Inapopita chini, setilaiti hukimbia kwa takriban kilomita 10 kwa sekunde. Inapofika juu imeshachoka, kasi yake imeshuka hadi kilomita 1.6 hivi kwa sekunde, na isipofanywa lolote itageuka na kuanguka tena kuelekea chini, mzunguko baada ya mzunguko.

Inachokitafuta ni mduara kamili ulio juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Katika kimo hicho, na katika hicho tu, setilaiti inayokwenda kwa kasi ya kilomita 3.07 kwa sekunde humaliza mzunguko mmoja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, muda uleule ambao dunia hutumia kujizungusha mara moja. Kwa hiyo zote mbili huenda pamoja, na mtu aliye chini huiona imesimama. Ili kufika hapo, setilaiti lazima ingoje ifike ncha ya juu ya njia yake, iwashe injini yake yenyewe, ijiongezee kasi, kisha izime na kungoja tena. Kila mara inapofanya hivyo, ncha ya chini huinuka zaidi, na mwinamo wa nyuzi chache ambao njia hiyo huwa nao dhidi ya ikweta hunyooshwa kidogo kidogo. Uzito wake wakati wa kurushwa ulikuwa kama tani 3.8, na sehemu kubwa ya uzito huo ni mafuta ya kazi hii.

Jioni alipita mzee mmoja, nahodha mstaafu aliyekuwa akiendesha jahazi kati ya Dar es Salaam na Kilwa, ambaye hupenda kuketi kwenye benchi la karakana.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, fundi. Nasikia Wazungu wametuma kitu cha kuangalia mvua. Sasa kikisimama huko juu bila nguzo, mbona hakianguki?”

Nikamwambia kinaanguka, ila kinaanguka huku kikienda pembeni kwa kasi kubwa, hivyo ardhi inajikunja chini yake kabla hakijaifikia. Akafikiri kitambo.

“Basi hakijasimama,” akasema. “Kinakwenda na sisi.”

Sina la kuongeza katika maelezo hayo.

Alhamisi na Ijumaa, 15 na 16 Desemba

Hakuna la kuona wala la kusikia isipokuwa taarifa fupi. Katika siku hizi za mwanzo chombo kinaendeshwa kutoka kituo cha Fucino, Italia, chini ya kampuni ya Telespazio, ambayo imepewa jukumu la kukifikisha kwenye makao yake. Wahusika hawana haraka, na ni vyema wasiwe nayo, kwa sababu injini ikiwashwa kwa muda uliozidi kidogo, mafuta ya kurekebisha kosa hilo hutoka kwenye akiba iliyokusudiwa kukiweka chombo mahali pake kwa miaka mingi.

Jumamosi, 17 Desemba

Leo nimepanda juu ya paa la karakana na dira pamoja na kipimapembe, nikatafuta mahali MTG-I1 itakapokaa. Makao yake yatakuwa kwenye longitudo ya nyuzi 0, juu ya Ghuba ya Guinea, nasi tuko nyuzi 39 mashariki. Hesabu inaonyesha kwamba kutoka hapa itakuwa magharibi, ikielekea kaskazini kidogo mno, kwenye kimo cha takriban nyuzi 44 kutoka upeo wa macho. Nililielekeza dishi la zamani huko nikakuta mbele yake umesimama mwembe wa jirani, na kama ningekuwa na mteja wa upande huo ningelazimika kuhamisha nguzo.

Kisha nikageuza upande wa pili. Tangu Julai mwaka huu Meteosat-9, ya kizazi cha pili, iliyorushwa kutoka hukohuko Kourou mwezi Desemba 2005, inalinda Bahari ya Hindi ikiwa kwenye longitudo ya nyuzi 45.5 mashariki. Hiyo kwetu iko karibu utosini, nyuzi 79 juu, upande wa kaskazini-mashariki. Dishi linaloitazama hulala chali kama sinia na kukusanya maji ya mvua. Mimi dishi la namna hiyo hulitoboa tundu dogo sehemu ya chini kabisa, la sivyo masika yakianza mteja atapiga simu.

Tofauti ya pembe hizi mbili ni kubwa kwa mtabiri kuliko inavyoonekana. Wingu la radi la ukanda wetu huweza kufika kimo cha kilomita 15. Likitazamwa kutoka longitudo ya 0, yaani kwa mshazari, kilele chake huonekana kimesogezwa mashariki kwa kilomita kama 15, hivyo wingu lililo juu ya Ubungo litaonekana pichani kama liko baharini, nje ya lango la bandari. Likitazamwa kutoka nyuzi 45.5, kosa hilo hushuka hadi kilomita 3 hivi. Watabiri hulisahihisha kwa hesabu, lakini ni afadhali jicho lililo juu kuliko hesabu nyingi. Ndiyo maana nasema wazi kwamba, kwa mkazi wa Dar es Salaam, mahali setilaiti ilipoegeshwa pana uzito kuliko upya wake, na kwamba chombo hiki kipya tunachokishangilia hakitaiondolea kazi ile kuukuu ya bahari yetu.

Jumapili, 18 Desemba

Fainali. Simu za wateja tangu asubuhi. Hakuna nafasi ya kufuatilia setilaiti isiyoonyesha mpira.

Mwishoni mwa Desemba

MTG-I1 imefika juu, na usimamizi wake umehamia kwa EUMETSAT huko Darmstadt. Sasa linaanza lile ambalo halina moshi wala kuhesabu kurudi nyuma: kuwasha vifaa kimoja kimoja.

Setilaiti za Meteosat za vizazi viwili vya kwanza zilibuniwa zijizungushe kama pia, mara 100 kwa dakika, ili zisiyumbe. Ubunifu huo ulikuwa imara, lakini kamera yake iliitazama dunia kwa sehemu kama moja tu ya ishirini ya kila mzunguko, na muda uliobaki ikatazama giza. MTG-I1 haizunguki, imetulizwa ikiikazia dunia macho muda wote. Kamera yake kuu ina chaneli 16, yaani aina za mwanga inazozipima, badala ya 12, na itapiga picha ya uso wote wa dunia unaoonekana kutoka huko kila dakika 10, badala ya kila dakika 15. Kifaa cha pili ni kipya kabisa kwa Meteosat: kipokezi cha radi chenye kamera nne, kinachopiga hadi picha 1,000 kwa sekunde na kutambua mmweko wa umeme wa mawingu usiku na mchana, Ulaya, Afrika yote, na sehemu za Mashariki ya Kati na Amerika ya Kusini. Nikifikiria wavuvi wa Ziwa Victoria, ambako dhoruba za radi huzuka usiku wakiwa majini, naona kifaa hiki ndicho kitakachotufaa zaidi, hata tukitazamwa kwa mshazari.

Machi 2023

Kimya kutoka juu. Chini huku habari ni za kimbunga Freddy, ambacho kimevuka Bahari ya Hindi tangu mapema Februari, kikaipiga Msumbiji, kikarudi baharini, kikaipiga tena, na kuleta maafa makubwa Malawi. Picha tulizoziona za mawingu yake zimetoka kwenye setilaiti zilizokuwapo tayari. MTG-I1 bado iko kwenye majaribio, na ni haki iwe huko, kwa kuwa kipimo cha joto la kilele cha wingu kikikosewa, utabiri unaojengwa juu yake nao hupotoka.

Alhamisi, 4 Mei 2023

Picha ya kwanza imetolewa hadharani leo. Yenyewe ilipigwa tarehe 18 Machi. Nimeifungua kwenye kompyuta ya karakana na kuikuza hadi ukingo wa mashariki wa bara. Mawingu yana kingo kali kuliko zile nilizozizoea, na nimechukua muda mrefu kutafuta pwani yetu, Mafia na Unguja, kabla ya kukubali kwamba kwa pembe ile na kwa picha iliyopunguzwa ukubwa nisitarajie kuona visiwa vyetu kama ramani.

Nimemwonyesha yule mzee nahodha. Aliuliza inafikaje hapa, swali zuri kuliko langu. Setilaiti huteremsha data kwenye vituo vya Ulaya, Darmstadt huzichakata, kisha hupandishwa tena angani kwenye setilaiti ya mawasiliano inayozirusha juu ya Afrika, na ofisi za hali ya hewa huzinasa kwa dishi, bila kutegemea intaneti ya nchi husika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa Umoja wa Ulaya uitwao PUMA ulizipatia nchi za Afrika vituo vya kupokelea picha za kizazi cha pili. Kwa hiyo hata utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa tunaousikia redioni jioni unapitia dishi, nami sijaona aibu kulitaja hilo mbele ya wateja wanaodhani kazi yangu ni tamthilia tu.

Jumamosi, 4 Mei 2024

Mwaka mmoja kamili tangu picha ile, na leo kimbunga Hidaya kimepoteza nguvu baada ya kufika kisiwani Mafia. Si kawaida kimbunga kuisogelea pwani ya Tanzania kwa kiasi hiki. Mamlaka ilitangaza tahadhari mapema, na boti za Unguja zikasitisha safari. Mbagala tumepata upepo na mvua; madishi kadhaa yamegeuka, na nitakuwa na kazi wiki nzima. MTG-I1, pamoja na sifa zake zote, bado haijakabidhiwa rasmi kwa watabiri. Lililoifaa pwani ya Tanzania ni lile jicho la nyuzi 45.5, lililorushwa mwaka 2005.

Desemba 2024

Mwanzoni mwa mwezi huu imetangazwa kwamba MTG-I1 imeanza kazi rasmi, ikiitwa sasa Meteosat-12, na imeshika nafasi ya juu ya Ghuba ya Guinea. Kutoka Kourou hadi kutengana na roketi ilichukua takriban dakika 34, kupanda hadi kwenye mzingo hakukufika wiki tatu, na kuaminika kulichukua karibu miaka miwili.

Nimemfungia mteja mmoja wa Kongowe dishi lililoelekea magharibi wiki hii, kwa ajili ya chaneli za televisheni za huko. Kulikuwa hakuna mwembe. Nilipomaliza kukaza bolti nilimweleza kwamba karibu na kona ileile ya anga iko setilaiti inayoangalia radi za Afrika nzima, akaniuliza kama dishi lake linaweza kuinasa. Nikamjibu haliwezi, masafa yake ni mengine, na data zake hupita njia ndefu ya Darmstadt kwanza. Akanilipa, akaomba nimwongezee mita tano za waya.